Ramani ya Gari au Ramani ya Simu? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kama dereva ategemee mfumo wa ramani uliofungwa kwenye gari lake au programu ya ramani iliyomo kwenye simu. Nimechagua maswali saba na kuyafupisha. Yale ambayo majibu yake yanagusa fedha au usalama wa watu nimeyapa nafasi kubwa zaidi.

Nimenunua gari lililotumika kutoka Japani. Skrini ina ramani nzuri lakini kila kitu ni Kijapani, na alama ya gari imekwama huko huko Japani. Fundi anasema ataniwekea ramani ya Tanzania. Nimlipe? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, usitoe hata shilingi kabla hujaiona kwa macho yako ramani hiyo ikifanya kazi ndani ya redio hiyo hiyo. Mfumo uliofungwa kiwandani kwa ajili ya soko la Japani unaijua Japani peke yake. Ramani yake huwa imehifadhiwa katika DVD, diski kuu au kadi ya SD, kwa muundo ambao mtengenezaji ameufunga, na programu inayoisoma haikutengenezwa ipokee ramani ya nchi nyingine. Hata taarifa zake za foleni hutoka katika mfumo wa Kijapani uitwao VICS, ulioanza kazi mwaka 1996, ambao hutuma habari kwa mawimbi ya FM na kwa vifaa vilivyofungwa kando ya barabara, na mawimbi hayo hayarushwi hapa kwetu. Redio ya gari hilo nayo ina hali hiyo hiyo: masafa yake ya FM huishia 90, au 95 katika redio mpya kidogo, na ndiyo maana stesheni zetu nyingi hazisikiki mpaka ufungiwe kipanuzi cha masafa.

Kuna tahadhari nyingine ambayo wengi huipata wakiwa wamechelewa. Katika redio kadhaa za Toyota zinazotumia kadi ya SD, kadi ya ramani haibebi ramani tu, bali pia programu inayoiendesha redio yenyewe. Kadi ikichomolewa na kupotea, au betri ya gari ikifunguliwa gereji bila uangalifu, redio inaweza kujifunga na kudai kadi yake halisi au namba ya siri, na hapo utakosa ramani na muziki kwa pamoja. Iache kadi mahali pake, hata kama ramani iliyomo haikusaidii.

Kama unataka skrini ya gari ikuelekeze, ushauri wangu ni kubadilisha redio nzima na kufunga inayokubali Apple CarPlay, iliyoanza mwaka 2014, au Android Auto, iliyofuata mwaka 2015. Hapo ramani inatoka kwenye simu yako na skrini inabaki kuwa kioo cha kuitazamia. Kabla ya kununua, muulize fundi kama kamera ya kurudi nyuma na vitufe vya usukani vitaendelea kufanya kazi, kwa sababu mara nyingi vinahitaji waya za kuunganishia zinazouzwa peke yake. Kama fedha haitoshi, kishikio imara cha simu kitakufikisha unakokwenda.

Kalenda ya mfumo wa gari langu imerudi nyuma karibu miaka ishirini. Je, mfumo umeharibika? (Msomaji, Moshi)

Haujaharibika. Mfumo huo huchukua tarehe kutoka kwa setilaiti za GPS, zile zile zinazouwezesha kujua gari lilipo. Setilaiti hizo huhesabu muda kwa majuma, na katika ujumbe wa asili wa GPS nafasi ya namba ya juma inatosha majuma 1,024 tu, yaani karibu miaka 19 na miezi saba, kisha hesabu inaanza tena sifuri. Hesabu hiyo iligeuka Agosti 1999 na ikageuka tena Aprili 2019, na itageuka mara nyingine Novemba 2038. Kifaa ambacho programu yake haikuandaliwa kwa mgeuko huo hudhani kuwa bado kimo katika mzunguko uliopita. Mahali kinapoonyesha kwa kawaida hubaki sahihi, na tarehe ndiyo inayopotoka. Mtengenezaji akiwa ametoa programu mpya, iwekwe; asipotoa, tumia saa ya simu.

Ninaendesha lori kwenda Tunduma. Mtandao hukatika njiani kwa muda mrefu. Je, simu inapopoteza mtandao inapoteza pia setilaiti? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, na ningependa kila dereva wa safari ndefu alijue hili. Setilaiti za GPS huzunguka umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu zikituma ishara saa zote, na simu huzipokea bure bila bando wala minara ya kampuni ya simu. Ikizipata nne inaweza kukokotoa ilipo. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, utafutaji wa mahali na habari za foleni. Kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado nyumbani. Google Maps imekuwa ikitoa maelekezo bila mtandao tangu mwaka 2015, ingawa eneo ulilopakua linahitaji kusasishwa mara kwa mara. Programu za Organic Maps na OsmAnd zinatumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wanaojitolea, nazo zinakuwezesha kupakua nchi nzima.

Washa ramani gari likiwa limesimama mahali peupe, kabla ya kuondoka. Bila mtandao wa kuisaidia, simu inalazimika kusoma habari za mahali zilipo setilaiti kutoka kwenye setilaiti zenyewe, ambazo huzituma kwa mwendo wa biti 50 tu kwa sekunde, na kazi hiyo huchukua nusu dakika au zaidi.

Lakini kaka, programu hizi za kawaida zimeandaliwa kwa magari madogo. Google Maps haijui urefu wa tela lako wala uzito wa shehena, na inaweza kukuingiza kwa uhakika kabisa katika njia ya mkato yenye daraja lisilokuhimili. Kwa lori, baki kwenye barabara kuu, na neno la madereva wenzako waliopita jana liwe na uzito kuliko mstari wa buluu.

Nairobi Expressway hunichanganyia simu: niko chini, inaniambia niko juu. Kwa nini? (Msomaji, Nairobi)

Barabara hiyo ya kulipia, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, kuna sehemu zake zinazopita juu ya barabara ya zamani. Chini ya anga wazi simu hukosea kwa takriban mita tano ikionyesha mahali ulipo, na katika kupima kimo hukosea zaidi. Barabara mbili zikilaliana namna hiyo, programu inalazimika kubahatisha. Hapa mfumo uliofungwa kwenye gari una sifa ya kweli ambayo simu haijaifikia: unahesabu mizunguko ya magurudumu na una kihisi cha gairo kinachotambua gari linapopinda, na katika mifumo kadhaa hata linapopanda mwinuko. Wajapani walianza na mbinu hii kabla ya setilaiti kupatikana kwa raia. Kifaa cha Honda cha mwaka 1981, Electro Gyrocator, hakikutumia setilaiti hata moja. Kwako wewe, weka chaguo la kuepuka barabara za kulipia kama hukusudii kupanda, na yatazame mabango kabla ya kila njia panda ya kuingilia.

Mvua za masika zilipoanza, simu ilinielekeza eneo la Jangwani wakati maji yamefunga barabara. Ramani ya gari ingenisaidia? (Msomaji, Dar es Salaam)

Isingekusaidia, mama, kwa kuwa ramani ya gari ni picha ya siku ilipotengenezwa. Simu iko karibu zaidi na hali ya leo, ila nayo ina udhaifu: habari zake za foleni hutokana na mwendo wa simu za madereva wengine, na barabara isiyo na gari hata moja inaweza kuonekana nyeupe kama barabara inayopitika. Alama ya barabara kufungwa huwekwa pale mtu anapotoa taarifa. Toeni taarifa, tafadhali. Ramani nzuri tulizo nazo za maeneo ya Dar es Salaam yanayofurika zilichorwa na wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, waliokwenda mtaa kwa mtaa wakiandika mitaro, vichochoro na mahali maji yanapofika. Kazi hiyo inamwokoa mtu asiyemjua mchoraji wala mtaa, na inadumu kwa kuongezewa na kila anayepita.

Simu yangu kwenye dashibodi hupata moto na kujizima. Nifanye nini? (Msomaji, Mombasa)

Iondoe juani. Apple, kwa mfano, inashauri iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na dashibodi iliyo chini ya kioo cha mbele hupita hapo mapema asubuhi. Kifunge kishikio mbele ya tundu la kipoza hewa. Usiishike mkononi unapoendesha, hata kwa kutazama kona moja tu.

Nauza gari langu lenye mfumo wa ramani. Kuna la kufuta? (Msomaji, Muscat)

Lipo. Futa anwani ya nyumbani, safari zilizopita, na orodha ya simu zilizounganishwa, kisha chagua kurudisha mfumo katika hali ya kiwandani. Magari mengi ya Japani hufika Afrika Mashariki yakiwa bado na alama ya *jitaku*, neno la Kijapani lenye maana ya nyumba ya mtu mwenyewe, na yeyote anayekaa nyuma ya usukani anaweza kuibonyeza akaona mwenye gari wa kwanza alikuwa akiishi wapi. Fanya hivyo mwenyewe kabla hujakabidhi funguo, na kama uliunganisha gari na programu ya mtengenezaji kwenye simu yako, liondoe pia katika akaunti hiyo, kwa sababu programu kadhaa za aina hiyo huendelea kumwonyesha mwenye akaunti mahali gari lilipo hata baada ya kuuzwa.