Biti 12 au 14? Kilichonikuta ukumbini na D300

Kuna kipindi nilikuwa naamini kwenye kamera namba ikiwa kubwa ndo bora, basi. Nikanunua Nikon D300 ya mtumba, nikaingia kwenye menyu kuangalia angalia, nikakuta sehemu ya NEF (ndo RAW ya Nikon, faili ghafi ambalo kamera haijalipika) inaniuliza nataka biti 12 au 14. Unafikiri niliwaza mara mbili? Nikaweka 14 nikasahau.

Wiki mbili baadaye nina sendofu Sinza. Biharusi mtarajiwa anaingia anacheza, mashangazi nyuma na vigelegele, mi nimepiga goti mbele yao nabonyeza shata nategemea ile ta-ta-ta-ta niliyoizoea, nasikia ta... ta... ta. Yaani kwenye picha hii kanga iko mkononi, inayofuata kanga iko chini, pale katikati ilipokuwa hewani hakuna kitu. Nikabadilisha kadi, nikabadilisha betri, wapi. Jumatatu nikaipeleka kwa fundi, akafungua, akapuliza vumbi, akachukua hela yake, kamera ikarudi inang'aa na uzembe wake uleule.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa siku nyingi kwenye hii kazi, hata kamera hakuishika, akauliza tu "umeweka biti ngapi dogo?" Kumbe D300 ukiiweka 14 inashuka kutoka picha 6 kwa sekunde hadi 2.5, na iko hivyo kwenye kitabu chake ambacho mi sikuwahi kukifungua. Nikarudisha 12, ta-ta-ta-ta hiyo hapo.

Sasa biti zenyewe ni nini. Chukulia mizani ya dukani. Biti ni zile alama za kusomea, sio ukubwa wa bakuli. Biti 8, ambayo ndo JPEG zote (picha ambazo kamera imeshazipika yenyewe), ina alama 256 kwa kila rangi, 12 ina 4096, 14 ina 16384. Alama zikiwa nyingi unasoma kwa umakini zaidi lakini sukari haiongezeki, mwanga uliouingiza ni uleule. Na mteja anayeangalia kwenye simu anaona JPEG, kwa hiyo kama unapiga JPEG tupu unaweza kuishia hapa, hii setingi haikuhusu, inafanya kazi kwenye RAW tu.

Utamu uko kwenye giza. Sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, inagawa hizo alama kwa upendeleo, stopu (hatua ya mwanga, kila moja ina mwanga mara mbili ya iliyo chini yake) yenye mwanga mkali kuliko zote inachukua nusu nzima. Kwenye biti 12 hiyo ni 2048, inayofuata chini yake 1024, halafu 512, 256, unashuka hivyohivyo mpaka stopu ya 8 unakuta alama 16 tu. Kwenye 14 stopu hiyohiyo ina 64. Ndo maana ukivuta sana sehemu za giza, yaani kuzing'arisha, kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, suti nyeusi ya bwana harusi ikaanza kutoa vidoadoa vya ajabu, 14 inaweza kukusaidia. Ila angalia hesabu hii: ukipiga kwa 14 halafu picha ikawa nyeusi kwa stopu 2, zile alama unazozitumia zimebaki 4096, sawasawa na mwenye 12 aliyepima mwanga vizuri. Faida yote imeliwa, na kadi umeijaza bure maana faili la 14 linazidi kama robo hivi.

Nilijaribu mwenyewe barazani, kamera kwenye tripodi, picha ileile mara 12 mara 14, halafu nikavuta giza kwenye kompyuta. Kwa ISO 200 (ISO ndo namba ya kuikuza picha mwanga ukiwa mdogo), stopu 1, 2, hata 3, sikuona tofauti na nilikodoa macho kweli. Stopu 4 ndo kidogo, kwenye pembe nyeusi kabisa. ISO 1600 hakuna kitu, chengachenga zimefunika kila kitu. Na kumbi zetu hizi na taa zao za zambarau nani anapiga chini ya 1600?

Kwa hiyo mi sasa hivi ukumbini ni 12, RAW iliyobanwa bila kupoteza, sina mjadala. Sasa natumia D750, hii haipunguzi kasi ukiweka 14 lakini bafa, pale picha zinaposubiri kuandikwa kwenye kadi, linajaa mapema, na biharusi hasubiri bafa. Naweka 14 nikiwa nje kwenye ISO ya chini na kitu kimetulia, jua linazama baharini na ngalawa imeshakuwa kivuli, au mtu kakaa dirishani na nusu ya uso iko gizani, mahali ambapo najua kabisa nitavuta.

Wenye Canon msihangaike kutafuta hiyo sehemu, hampewi kuchagua, 40D ya 2007 tayari ilikuwa 14. Wenye Sony A7 III nanyi, mkipiga mfululizo kwa RAW iliyobanwa inashuka yenyewe hadi 12 bila kubisha hodi.

Video ni habari nyingine kabisa, huko mi nasema chukua 10 kama kamera inayo. Biti 8 na profaili za log (zile zinazotoa video iliyopauka ili uipake rangi baadaye) haziivi, ukishaanza kupaka rangi, anga linakatika mistarimistari kama ngazi na mteja anaiona bila hata kuoneshwa. Ila kabla hujapokea advansi jaribu kwanza kufungua faili moja la biti 10 la H.265, aina ya kubana video inayoitesa kompyuta, kwenye laptop yako, yangu ya zamani ilikuwa inacheza sekunde moja inaganda tano, harusi nzima niliediti kama naangalia slaidi.