Barua kwa Mwanangu Zawadi: Ile Nyumba ya Chamazi

Mwanangu Zawadi,

Marahaba mama. Barua yako tumeisoma wote wawili, na baba yako akaichukua akaisoma tena peke yake barazani. Hatujambo huku Tandika. Joto tu ndilo linatusumbua.

Umeniuliza jambo zito. Una milioni 18 ulizoweka, benki iko tayari kukukopesha milioni 30 kwa dhamana ya mshahara wako wa ualimu, na dalali amekuonyesha kwa video nyumba ya vyumba sita kule Chamazi yenye wapangaji tayari. Inauzwa milioni 48, na muuzaji anataka hela yake ndani ya wiki mbili. Uinunue?

Nyumba hiyo, kwa mkopo huo, usinunue. Wazo la kupangisha usiliache, ni zuri, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono. Ngoja nikueleze kwa nini nakataa hili na kulikubali lile.

Tuanze na hesabu, maana dalali amekusomea mstari wa juu tu. Vyumba sita kwa shilingi 60,000 ni 360,000 kwa mwezi, yaani 4,320,000 kwa mwaka. Sasa chukua mkopo wako: milioni 30, riba ya asilimia 16 kwenye salio, miaka mitano. Rejesho lake linakaribia 730,000 kila mwezi. Wapangaji wote sita wakilipa bila kuchelewa, bado utatoa kama 370,000 mfukoni mwako kila mwezi, na hapo una mtoto wa shule na mwenzio hana kazi ya kudumu. Ukihamishwa, ukiugua, vyumba viwili vikikaa wazi, benki haitauliza. Itakata mshahara juu kwa juu.

Hata ukiondoa mkopo kabisa, ile milioni nne na laki tatu si yako yote. Kila chumba kihesabie mwezi mmoja wazi kwa mwaka, kwa sababu mtu anahama, unapaka rangi, unasubiri mwingine: 360,000 imeondoka. Matengenezo usiyawekee chini ya laki tano kwa nyumba ya namna hiyo. Kuna gari la kunyonya choo, kitasa, bati linalovuja, koki. Kodi ya mapato ya pango ni asilimia 10, na ni ya mwenye nyumba, asije mtu akakudanganya umbebeshe mpangaji. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, inakatwa 1,500 kila mwezi unaponunua umeme wa LUKU. Ukitoa vyote hivyo unabaki na milioni tatu na kidogo. Kwa nyumba ya milioni 48, hiyo ni kama asilimia sita. Hatifungani za Serikali za muda mrefu zinazouzwa na Benki Kuu, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12 miaka hii ya karibuni, wala hazina choo cha kunyonya. Sikwambii ukanunue hatifungani. Nyumba ina faida ambayo karatasi haina: ardhi inapanda thamani, na kodi ya chumba unaweza kuipandisha maisha yanapopanda. Lakini ukiijua namba hiyo, utaweza kumwambia dalali kwamba 48 ni ghali kwa kinachoingia.

Sasa karatasi. Hapa ndipo niliposhtuka kweli. Umeandika kwamba anayeuza ni "mtoto wa marehemu mwenye nyumba." Mwanangu, mtoto wa marehemu hana mamlaka ya kuuza nyumba ya marehemu kwa sababu tu ni mtoto wake. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, atakuwa na ile Fomu Namba Nne ya kumteua msimamizi, na jina lililoandikwa humo ndilo utakalosaini nalo, si la mdogo wake wala shemeji yake. Ukishaiona, uliza warithi ni wangapi na kama wote wanajua kwamba nyumba inauzwa. Uliza kama mjane yupo hai na anaishi wapi. Nimeona hapa mtaani kwetu nyumba inauzwa asubuhi na dada wa muuzaji anafika jioni akiwa na wakili. Mnunuzi alikuwa ameshalipa yote. Kesi ikahamia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wapangaji, kwa kutojua mwenye nyumba ni nani, wakaacha kumlipa yeyote.

Haraka ya wiki mbili inanitia shaka zaidi kuliko bei. Mtu mwenye karatasi kamili haogopi mnunuzi kwenda kuuliza.

Halafu umesema ipo leseni ya makazi. Leseni si hati. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi na huhuishwa, wakati hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Leseni haifanyi nyumba kuwa mbaya, nusu ya majirani zetu wanaishi kwa leseni na karatasi za mauziano za serikali ya mtaa. Ila inashusha bei, na inakudai uulize kwa bidii zaidi: jina lililo kwenye leseni ni la nani, mipaka wanaijua majirani wa pande zote, mwenyekiti wa mtaa anaifahamu nyumba hiyo ina mgogoro au haina. Palipo na hati unafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, unaona kama imewekwa rehani benki au ina zuio. Na hata muuzaji akiwa ndiye mwenye nyumba halisi, kama ana mke au mume, mwenzake asaini. Mauziano yaandikwe na wakili, ushuru wa stempu wa asilimia moja ulipwe. Watu hukwepa hiyo asilimia moja, halafu siku ya kesi ule mkataba unakosa nguvu mbele ya baraza.

Video ya dalali haionyeshi maji yanapita wapi. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto, na unajua mwenyewe mafuriko yaliyowapata watu wa bonde la Msimbazi. Barabara nayo ina hifadhi yake. Mwaka 2017 nyumba za Kimara zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, nyingine za ghorofa, na wenyewe wamesimama wanatazama. Nyumba yoyote utakayoitaka, mtu aende kuiona mvua za masika zikinyesha, na aende tena usiku. Mpangaji anaangalia njia ya kurudi nyumbani saa nne usiku kabla hajaangalia vigae.

Sasa nikuandikie kuhusu wapangaji, kwa kuwa pesa yote ya nyumba iko kwao, na hilo dalali hakukwambia hata neno.

Mpangaji anayekaa miaka minne ana faida kuliko anayelipa elfu kumi zaidi akahama baada ya miezi sita. Tangu mwaka 2005 ilipofutwa sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba, masharti ni makubaliano yenu, na wengi wanadai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi nachukua miezi mitatu. Anayeuza nyanya sokoni anapata hela ya siku kwa siku. Ukimdai 360,000 leo leo, ataipata kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na miezi sita ikifika atakuwa bado anadaiwa. Atahama usiku, na wewe utabaki na chumba kitupu na deni la umeme. Mama anayekaanga mihogo pale kwangu uani analipa kila baada ya miezi mitatu, na sijawahi kumkumbusha.

Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga hauanzi na kodi, unaanza na LUKU. Vyumba sita kwenye mita moja maana yake mmoja ana friji, mwingine ana pasi ya kila asubuhi, mwingine ana balbu mbili tu, na wote wanachangishwa sawa. Huyo mwenye balbu mbili, ambaye mara nyingi ndiye mpangaji wako mtulivu kuliko wote, ndiye atakayehama kwanza. Weka mita kila chumba, au angalau sabmita kila mtu aone anachotumia. Mita zikiwa nyingi kwenye nyumba moja, nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, uhakikishe kodi ya majengo inakatwa kwenye mita moja tu. Na ile 1,500 inayokatwa mpangaji anaponunua umeme, mrudishie kwenye kodi yake, ni deni lako wewe. Maji vivyo hivyo: tangi kubwa na utaratibu unaoeleweka. Choo kimoja kwa vyumba sita, kama hicho cha kwenye video, kitakufukuzia watu wenye familia.

Mkataba uandikwe, hata kwa chumba kimoja. Majina, namba ya kitambulisho cha NIDA, kodi, tarehe, nani analipia nini, notisi ni ya muda gani, na nakala kwa kila mmoja. Pokea kodi kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na toa risiti. Akishindwa kulipa, keti naye kwanza. Akiendelea, notisi ya maandishi, kisha serikali ya mtaa, kisha baraza. Usije ukang'oa mlango au kuezua bati la mtu akiwa ndani na watoto wake, wala usimruhusu mtu afanye hivyo kwa niaba yako. Ni kosa, na ni ukatili, sitaki usikike kwenye jambo la namna hiyo.

Na uko Mwanza. Nani ataisimamia? Kaka yako ananiambia yuko tayari. Mpe kazi hiyo kwa maandishi na umlipe asilimia mliyokubaliana, maana ndugu anayekusanya kodi bila malipo hufika mahali akajilipa mwenyewe, na hapo mtagombana mimi nikiwa katikati.

Kwa hiyo, kwa milioni zako 18, bila mkopo, mimi ningetafuta kiwanja kilichopimwa chenye karatasi safi, kisha nijenge taratibu nyumba mbili ndogo za chumba, sebule na choo ndani, kila moja na mita yake. Upande mmoja ukikamilika upangishe, kodi yake isaidie kupaua wa pili. Utachukua muda, pengine miaka mitatu, lakini rejesho la benki halitakuwepo, na wapangaji wa nyumba za namna hiyo hukaa. Kama moyo wako bado uko Chamazi, basi muuzaji alete Fomu Namba Nne na saini za warithi wote, na ashushe bei, halafu tuzungumze upya.

Jumamosi baba yako atapita serikali ya mtaa ya huko kuuliza habari za nyumba hiyo. Nitumie picha ya leseni kabla ya Ijumaa ili aende nayo. Dalali akikuomba hela ya kushikia, hata laki moja, usitume. Mwambie mama yako amekataza.

Wasalimie mume wako na mjukuu wangu.

Mama yako