Kuchimba zaidi hakushushi petroli haraka

Wapo wanaodai petroli ni ghali Marekani kwa sababu kanuni za serikali zinabana uchimbaji wa mafuta. Hapana, kanuni hizo si sababu kuu. Bei ya mafuta ghafi hufuata soko la dunia, na kampuni humuuzia anayelipa zaidi, awe wa ndani au wa nje. Mwaka 2023 Marekani ilichimba karibu mapipa milioni 12.9 kwa siku, rekodi wakati huo, na bado bei ya petroli haikushuka hadi ilikokuwa 2020. Tena maeneo yanayomilikiwa na serikali kuu, nchi kavu na baharini, hutoa takriban robo tu ya mafuta yote ya Marekani. Kanuni zinauma zaidi kwenye usafishaji: jimbo la California linadai mchanganyiko wake maalumu wa petroli, kwa hiyo kiwanda kimoja cha kusafisha mafuta kikizimika ghafla, majimbo jirani huwa hayana petroli hiyo ya kutosha kuziba pengo.