Barua kwa mwanangu aliye Bologna, Italia: je, mwenyewe alijua?

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha zote nimezitazama kwa miwani ya baba yako, maana yangu imevunjika. Sisi hatujambo. Umeniuliza jambo moja: kama mimi ningekuwa na madaraka pale kwenye makumbusho ya Palazzo Poggi, ningemfunika yule msichana wa nta mnayemwita Venerina, aliyelazwa uchi na lulu shingoni, kifua na tumbo vikifunguka, au ningewaacha watu waendelee kumtazama? Unasema ulitoka mle ndani umeona haya, wenzako wakakushangaa.

Hukukosea kuona haya, ndivyo tulivyokulea. Ila kwangu mimi habari ya shuka inakuja baadaye. Ya kwanza ni hii: mwenyewe alikuwa anajua kilichokuwa kikimsumbua?

Maana sanamu ile si pambo. Clemente Susini, fundi wa nta wa Florence, aliitengeneza mwaka 1782, na viungo vyake hutolewa tabaka kwa tabaka mpaka ufike kwenye mfuko wa uzazi, na mle ndani mna mimba changa. Mwaka 2010 wataalamu wa anatomia wakachapisha walichokiona kwenye moyo wake. Kuta za vyumba viwili vya chini zina unene sawa, na kwa mtu mzima haiwi hivyo, kwa sababu chumba cha kushoto ndicho chenye kazi kubwa. Tena ule mfereji mfupi kati ya mshipa wa mapafu na mshipa mkuu uko wazi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mfereji huo unamfaa mtoto akiwa tumboni, akishazaliwa hujifunga. Huu haukujifunga, na wataalamu wakaona kwamba huenda ndio uliomuua msichana wa watu. Fundi alinakili alichokiona kwa uaminifu, kasoro nayo akaitia ndani ya nta. Zaidi ya miaka 200 watu wanapita mbele ya moyo ule, kisha siku moja wakapatikana wa kuusoma. Mwenyewe alishakwenda zamani.

Niliposoma hayo nikamkumbuka mama yako mkubwa.

Habari za kuugua kwake unazijua, lakini hapa sidhani kama niliwahi kukufikisha. Nilikuwa bado mwanafunzi wa ukunga. Yeye alikuwa na mimba ya kaka yako wa Muheza, akawa anahema hata kwa kujifunga kanga tu. Akalazwa. Asubuhi moja tukakusanywa wanafunzi wa uuguzi na wa udaktari, tukaambiwa kuna moyo wa kusikilizwa. Hivyo ndivyo daktari alivyosema, kuna moyo wa kusikilizwa. Tukapanga foleni. Nilipochungulia mbele nikaona kitanda ni cha dada yangu.

Naye akaniona. Akavuta kanga akajifunika uso. Wenzangu walidhani ni aibu, lakini mimi namjua dada yangu: alifanya vile nisije nikalazimika kumwamkia mbele ya wakubwa. Basi uso umefunikwa, kifua kiko wazi, na sisi tunapita mmoja mmoja na stetoskopu. Daktari alifundisha vizuri, hilo nalisema bila kinyongo. Alieleza vali, yaani kilango cha damu moyoni, iliyokaza kwa sababu ya homa ya rumatiki ya utotoni, akaeleza jinsi damu ya mama mjamzito inavyoongezeka karibu nusu na kuulemea moyo wa namna hiyo, akatushika mikono kutuonyesha pa kuweka. Zamu yangu ilipofika nikausikia mngurumo ule wa chini, mzito, kati ya pigo na pigo. Nikifumba macho leo bado nausikia. Maelezo yote yalitolewa kwa Kiingereza, yakipita juu ya kichwa chake. Kisha tukahamia kitanda kingine.

Jioni nikarudi na uji. Nilitazamia aniulize mbona sikusema neno. Aliniuliza, "Mmesikia nini?"

Watu wazima, darasa zima, tumemwekea masikio kifuani, na mle wodini yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui tulichokisikia! Nikaketi ukingoni mwa kitanda nikamweleza yote kwa Kiswahili: vali, damu, hatari ya siku ya kujifungua. Akasikiliza mpaka uji ukaisha. Akasema kumbe ndiyo maana huamka usiku akitafuta hewa. Wifi zake walikuwa wakimwambia ni uvivu, naye alikuwa amekwisha kuamini kuwa ni uvivu. Hilo la uvivu ndilo linaloniuma mpaka kesho, kuliko ile foleni.

Basi neno langu mnalijua, na nyumba nzima mmelichoka: mwenye mwili awe wa kwanza kujua.

Utasema, mama, ungejifunza wapi mlio ule kama si kwa dada yako? Ni kweli. Baadaye niliwakuta kina mama wengine wenye mngurumo ule ule nikawahi kuwafikisha kwa daktari, na aliyenifundisha ni yeye. Nta haingurumi. Hapo sina la kusema.

Lakini yapo ambayo nta inayaweza, na ndiyo maana nataka urudi kwenye kile chumba ulichokipita haraka, cha mifuko ya uzazi ya nta na udongo. Mimi ningeshinda humo. Giovanni Antonio Galli alikuwa daktari mpasuaji wa hapo hapo Bologna, na vitu vile aliviagiza ili awafundishe wakunga na wapasuaji: mtoto aliyekaa vizuri, mtoto aliyetanguliza matako, mwingine mkono, mwingine amelala kingamo. Alikuwa na mfuko wa uzazi wa kioo. Mwanafunzi alifungwa macho, akatakiwa amzalishe mwanasesere kwa kupapasa tu, huku mwalimu akiona kupitia kioo kila kosa la vidole. Papa Benedict XIV aliununua mkusanyiko ule mwaka 1757. Fikiria ni akina mama wangapi walinusurika na mikono ya mtu anayejaribu! Mimi nimefundisha wasichana wa mwaka wa kwanza, najua mkono unaojaribu ulivyo.

Na humo humo Palazzo Poggi yumo Anna Morandi. Mwanangu, huyu umempitaje? Alizaliwa mwaka 1714, yeye na mumewe Giovanni Manzolini wakafanya kazi ya kupasua maiti na kuunda viungo kwa nta. Mume alifariki mwaka 1755, naye akaendelea na kazi, akipasua, akiunda na kufundisha, katika zama ambazo mwanamke hakutazamiwa hata kuingia kwenye chumba cha maiti. Alijitengeneza mwenyewe kwa nta: amevaa nguo nzuri, anapasua ubongo wa mtu. Na sanamu ya mumewe akaitengeneza yeye mwenyewe, mume akiwa na moyo wa mtu. Nimeivuta picha ile mpaka ikafifia. Bibi yako aliyezalisha kijiji kizima angempenda mno mwanamke yule, na mashallah, hata mimi.

Sasa narudi kwa yule binti, na hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Kabla ya dawa nzuri za kuhifadhi, maiti iliharibika upesi, na kazi ya kupasua ilingoja miezi ya baridi. Nta ilibaki mwaka mzima. Karakana ya Florence ilipata miili kutoka hospitali ya Santa Maria Nuova, wakachukua umbo kwa plasta ya jasi, wakamimina nta iliyotiwa rangi tabaka kwa tabaka, na nyuzi zilizochovywa kwenye nta zikawa mishipa. Sanamu moja ilihitaji maiti nyingi. Mfalme Joseph II wa Austria aliagiza zaidi ya sanamu 1,000 kwa ajili ya madaktari wa jeshi lake Vienna, zikavushwa milima ya Alpi kwa nyumbu. Sasa waliokufa pale hospitalini walikuwa akina nani? Maskini, kwa sehemu kubwa. Hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo nta iliwasitiri akina mama walio hai kwa miili ya waliokufa bila kuombwa, na mimi siwezi kufurahia la kwanza nikajifanya silioni la pili.

Tena kuna hili. Kama sanamu moja ilitokana na maiti nyingi, pengine moyo ule si wa mwenye uso ule, na mimba nayo ni ya mama wa tatu. Hapo tukimfunika tutakuwa tumemfunika nani? Baba yako, aliyekuwa akinisikiliza nikisoma kwa sauti, anasema funika, basi. Amezoea kumaliza kesi mapema, unamjua. Mimi ulimi unaniwasha kusema asifunikwe, kwa sababu aliyefunikwa hakuna anayemsoma, na yule alingoja muda mrefu mno kusomwa. Halafu nakumbuka kanga ya dada yangu, nanyamaza. Usinilazimishe, mwanangu. Yeye mwenyewe angekuwepo ningemuuliza.

Ninachotaka ni hiki. Ukirudi pale, nenda kwenye kibao kilicho karibu naye ukisome chote, kama hakipo uliza wahusika. Nataka kujua kama wameandika habari ya mfereji ule, au wameandika jina la Susini tu. Nipigie picha. Na kama wameandika kwa Kitaliano peke yake, nitafsirie neno kwa neno, usinifupishie.

Mama yako