Pindua kochi kabla hujalipa

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimehamia kwangu kwa mara ya kwanza, sebule iko tupu kabisa. Nataka sebule ya kiume, vitu vya maana, vya kudumu. Nianzie wapi?" Chini yake akaweka picha ya seti aliyokuwa ameipenda: sofa nyeusi zinazong'aa, meza ya kioo, kabati la televisheni jeusi hivyohivyo. Niliitazama ile picha kwa muda mrefu. Ilikuwa sebule yangu mimi, ya miaka 11 iliyopita.

Nimeshamjibu kwa ufupi. Jibu refu ni hili, na ili lieleweke inabidi nieleze jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Marehemu baba yangu alikuwa na kiti kimoja cha mninga, chenye mikono mipana. Pale viganja vyake vilipokuwa vikitua vanishi ilikuwa imekwisha siku nyingi, na mbao yenyewe imelainika na kushika rangi ya asali iliyokolea. Chini ya mkono wa kulia palikuwa na mikwaruzo ya msumeno ambayo fundi hakuipitishia randa. Nikiwa mtoto nilikuwa nakaa sakafuni pembeni yake, naipapasa ile mikwaruzo kwa kidole huku yeye akisikiliza taarifa ya habari. Alipofariki, kiti kililetwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kiume mkubwa. Wakati huo nilikuwa nimeshaikopea seti nyeusi, na kiti cha mzee hakikuendana nayo. Nikampa dada yangu, tena kwa maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Chukua wewe, mimi hapa naweka vitu vya kisasa."

Seti ile iliniondokea na mishahara mitano.

Mwezi wa 14 tangu niinunue nilianza kuokota vipande vidogo vyeusi sakafuni. Nilidhani ni masizi yanayoingia dirishani, nikawa nafagia asubuhi na jioni. Kisha siku moja nikatembelewa na mkubwa wangu wa kazi. Alipoinuka kuaga, mgongo mzima wa shati lake jeupe ulikuwa umejaa magamba meusi, na mengine yamemganda shingoni. Alijipangusa taratibu, akanipa mkono, akaondoka bila kusema kitu. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni. Mkopo ulikuwa bado una miezi kumi. Nilipomrudia muuzaji aliniambia dhamana inahusu fremu, haihusu kava.

Usiku ule, kwa hasira, niliipindua ile sofa miguu juu nikakichana kile kitambaa chepesi cheusi cha chini. Hapo ndipo elimu yangu ilipoanzia. Ndani kulikuwa na vipande vya msonobari ambavyo havikupigwa randa, kimoja bado kina gamba la mti, vimeunganishwa kwa pini za stepla peke yake. Hakuna skrubu, hakuna gundi, hakuna hata kibao kimoja cha kukaza pembe. Sponji ilikuwa imegeuka njano, nikiigusa inamomonyoka kama mkate mkavu. Nilichonunua kilikuwa ngozi ya juu tu, na hiyo ngozi nayo haikuwa ngozi.

Ngoja nilieleze hili vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa. Kuna ngozi bandia, ambayo ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Kuna ngozi ya kusaga: mabaki ya ngozi yamesagwa, yakachanganywa na gundi ya plastiki, yakabandikwa juu ya kitambaa, kisha muuzaji anaapa kwamba ni ngozi. Hizi mbili zinachubuka. Jasho, mafuta ya nywele, joto na unyevu hulivunjavunja lile tabaka la juu, ndiyo maana huanzia pale kichwa kinapoegemea na pale mikono inapolala. Hazina tiba. Ngozi yenyewe, hasa ile ya tabaka la juu kabisa la mnyama ambayo haijasuguliwa kufuta alama zake, haichubuki hivyo. Inapata mikunjo, inakolea rangi, inazeeka. Utaitambua kwa kasoro zake: kovu la mwiba hapa, vinyweleo visivyolingana pale. Ukiona kila sentimita inafanana na mwenzake kama imepigwa mhuri, jihadhari. Angalia pia ukingo uliokatwa, chini ya kochi au ndani ya zipu. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi upande wa ndani. Bandia utakuta kitambaa kilichofumwa.

Na kama mfuko hauruhusu ngozi halisi, usidanganyike ukanunua ya kusaga kwa sababu inafanana. Nunua kitambaa kizuri kizito. Vitambaa vya makochi hupimwa kwa kusuguliwa, kipimo kinaitwa Martindale. Kuanzia mizunguko 25,000 kinatosha sebule inayokaliwa kila siku. Muulize muuzaji. Akikutolea macho, umeshapata jibu.

Baada ya ile aibu nilikaa karibu mwaka mzima na viti viwili vya plastiki sebuleni. Watu walisema mengi. Kipindi kile sitaki kukirefusha.

Nilipoanza upya nilirudia kosa kwa njia nyingine. Niliamini kwamba kitu cha kudumu lazima kiwe kizito. Nikanunua kabati la televisheni ambalo tulilibeba watu wanne, nikafurahi kwa kuwa mgongo uliniuma. Kumbe chipubodi, yaani chembechembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni nzito kuliko mbao nyingi, na uzito huohuo ndio unaoimaliza: skrubu za bawaba zinang'oka na unga wake, ukizirudishia hazishiki tena. Rafu zake zilikuwa na unene wa milimita 18 na urefu wa zaidi ya mita moja, bila nguzo ya kati. Nilipozipakia vitabu zikaanza kulegea katikati, na mwaka haukuisha zilikuwa kama kitanda cha kamba. Maji yakimwagika miguuni ndiyo kabisa, inaumuka.

Uzito si uimara. Nilikuja kulielewa hili niliposoma habari za Michael Thonet, fundi Mjerumani aliyekuwa na kampuni yake Vienna. Mwaka 1859 alitoa kiti chake namba 14: vipande 6 vya mbao vilivyokunjwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2, basi. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Kiti unachokiinua kwa mkono mmoja, na kikajaa mikahawani ambako watu wanakaa na kuinuka kutwa nzima. Nguvu yake iko kwenye mbao ngumu inayofuata mkunjo bila kukatwa, na viungo vichache vinavyoweza kukazwa upya vikilegea. Hilo la kukazwa upya lishike. Kitu cha maana ni kile kinachoweza kutengenezwa.

Nikamtafuta seremala. Wa kwanza nilimkimbiza mwenyewe, nilitaka meza ya katikati ndani ya wiki moja kwa sababu nilikuwa na wageni. Ilikuja nzuri, uso wa mbao pana, imepigwa vanishi inang'aa. Baada ya miezi mitatu, saa nane usiku, nilisikia mlio kama wa risasi sebuleni. Asubuhi nikakuta ufa unaopita kutoka ukingo hadi katikati, kidole kinaingia.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu sana, aliikagua ile meza bila kuinuka kwenye kigoda chake. Akaniambia makosa ni mawili. Mbao ilikuwa mbichi. Ya kukaa ndani ya nyumba inatakiwa ikaushwe mpaka maji yaliyobaki yawe kama asilimia 8 hadi 12. Na uso wa meza ulikuwa umepigiliwa kwenye fremu pande zote. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, siyo kwa urefu, akasema, sasa wewe umeifunga pingu, unategemea itahemea wapi? Meza aliyonitengenezea yeye ina vitundu virefu kidogo chini, skrubu zinapita humo na kuachia uso usogee. Miguu imeingia kwenye fremu kwa ulimi na tundu, na gundi, hakuna msumari hata mmoja. Ilichukua miezi miwili na nusu. Ina miaka 7 sasa. Naipaka mafuta ya kitani mara moja kwa mwaka, na nikikaa karibu nayo bado mkono wangu unakwenda wenyewe chini ya ukingo kuupapasa.

Mzee huyo ndiye aliyenitengenezea pia fremu ya sofa ninayokalia ninapoandika haya. Msaji mkavu, kila pembe ina kibao cha pembetatu kilichokazwa kwa skrubu na gundi. Alinipa kanuni moja: shika pembe moja ya mbele, inyanyue kama sentimita 15. Mguu wa pembe ya pili ya mbele nao uinuke mara moja. Ukibaki sakafuni, fremu inajinyonga, achana nayo. Halafu pindua, tazama chini. Nimefanya hivyo kwenye maduka mpaka wauzaji wamenichukia, na sijali.

Sponji ya kukalia, omba yenye uzito wa kilo 30 hadi 35 kwa mita moja ya ujazo. Usichanganye na ugumu. Kuna sponji ngumu ambayo ni nyepesi, nayo inabonyea kabla mwaka haujaisha. Urefu wa kukalia uwe sentimita 43 mpaka 46 kutoka sakafuni, ili hata mtu mzima ainuke bila kusaidiwa. Mito iwe na zipu na iwe inageuzika. Mimi naigeuza kila tarehe mosi.

Mengine ni mepesi. Kati ya sofa na meza acha sentimita 40 hadi 45. Zulia liwe kubwa kiasi cha miguu ya mbele ya makochi kulikanyaga, vinginevyo linaonekana limepotea. Taa usitegemee moja ya darini. Weka mbili tatu za pembeni zenye mwanga wa njano, balbu iliyoandikwa 2700K. Rangi sina la kusema sana, ila nyeusi tupu inaonyesha vumbi kuliko nyeupe, nami nimeishi nayo.

Sasa nizungumze na wewe kijana, na wengine mnaotaka sebule ya kiume. Uanaume wa sebule hauko kwenye weusi wala ukubwa wa skrini. Uko kwenye uvumilivu. Ni kukubali kukaa na kochi moja zuri na ukuta mtupu mwaka mzima, watu wakisema, kuliko kujaza chumba kwa siku moja kwa fedha ambayo hujaifanyia kazi bado. Seti ni adui yako. Seti inakulazimisha ununue vitu saba wakati una uwezo wa kununua kimoja kilicho bora, na kesho inakukataza kupokea kile cha kweli kwa sababu hakiendani. Nunua kimoja. Anza na unachokikalia kila siku. Kikomboe, kitunze, halafu ndipo ufikirie cha pili. Mimi imenichukua miaka 8 kuijaza sebule hii, na hakuna kitu hata kimoja humu ambacho naogopa kukipindua mbele ya mgeni.

Mwezi uliopita dada yangu alikuja. Alikaa kwenye sofa, akapitisha mkono juu ya mbao ya pembeni, akasema, "Hii imetulia." Nilimwomba kile kiti kwa mara ya tatu. Akakataa kwa upole kama zamani. Mwanawe wa kiume ndiye anayekikalia siku hizi akisoma, na kimewekewa sponji mpya, mbao haijaguswa. Nimempelekea chupa ya mafuta ya kitani na kitambaa laini, nikamwonyesha huyo mpwa wangu namna ya kupaka: kidogo, kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha uyafute yote yanayobaki baada ya robo saa, na kile kitambaa ukitandaze nje kikauke, usikikunje wala kukirundika, maana mafuta hayo yakikauka huzalisha joto na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe.

Kijana, ile seti uliyonitumia usiilipie bado. Rudi dukani kesho, omba waipindue sofa ya watu watatu, halafu nitumie picha ya chini.