Kosa la binti lina akili

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Binti yangu wa kidato cha tatu alikutana na neno la Kiingereza "unseemly" kwenye zoezi. Kwa kuwa "seem" ni kuonekana, akaandika "isiyoonekana", akakosa. Neno hili lina maana gani hasa?

JIBU: Marahaba, mama. Usimgombeze, alifikiri vizuri. "Seem" iliingia Kiingereza kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, na huko nyuma ilibeba pia maana ya kufaa, kustahili. Maana hiyo imekufa kwenye kitenzi, ikasalia kwenye kivumishi. Kwa hiyo "unseemly" ni jambo lisilo na staha, lisilostahili mahali pale au wakati ule.

Wakati ndio unaosahaulika. Tulipomzika baba yangu mdogo kule Ukerewe, hata tanga halijaanuliwa, jamaa wawili walikuwa ufukweni wakigombea injini ya mtumbwi wake. Sauti zilimfika mjane pale mkekani. Kudai urithi si kosa, na injini ile ilikuwa lazima impate mtu. Lakini siku ile? Mjane akisikia? Inaniuma mpaka leo. Mwingereza angesema "unseemly haste", haraka isiyo na staha, na maneno hayo mawili huandamana mara nyingi.

Asilichanganye na "indecent". Hilo ni zito zaidi, hugusa mambo ya aibu ya mwili, na linaweza kumfikisha mtu mahakamani. "Improper" nalo huelekea zaidi kwenye taratibu zilizovunjwa.

Kama mna Biblia nyumbani, fungueni 1 Wakorintho 13:5. Pale ambapo tafsiri ya Kiingereza ya 1611 inasema upendo hauendi "unseemly", ya kwetu inasema "haukosi kuwa na adabu". Naipenda sana tafsiri hiyo, kwani adabu ndiyo kiini cha neno lenyewe.

Ila kwenye mstari huo limetumika kama kielezi, na leo halitumiki hivyo. Lina "-ly" mwishoni, lakini ni kivumishi, kama "friendly". Akitaka kueleza namna mtu alivyotenda, aandike "in an unseemly way". Mitihani hupenda kutega hapo.