Kifundo kuonekana kimevunjika siku ya 6: inakuwaje, na wodini tunafanya nini

Pole sana mkuu kwa yaliyompata mdogo wako. Umeuliza inakuwaje mtu alazwe kwa ajali ya bodaboda, apasuliwe paja, halafu siku ya 6 ndipo igundulike kifundo cha mkono nacho kimevunjika. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, huu ni mwaka wa 11. Hutokea, na mara nyingi si kwamba hakujaliwa.

Majeruhi akifika kitengo cha dharura, kwanza anazuiwa asife: njia ya hewa, kupumua, damu inayovuja, fahamu. Akitulia ndipo anapekuliwa kichwa hadi unyayo. Utaratibu huu chanzo chake ni daktari James Styner, aliyeanguka na ndege Nebraska, Marekani, mwaka 1976. Mkewe alifariki, wanawe wakaumia, na huduma waliyoikuta ilimsikitisha. Umeokoa wengi. Ila ule upekuzi wa pili, wa kichwa hadi unyayo, hukatizwa mno. Presha inashuka, mgonjwa anakimbizwa kupasuliwa, harudi mtu kuumalizia. Faili limeshaandikwa "paja", basi kila anayelifungua anaona paja. Mgonjwa mwenyewe naye labda hana fahamu, au kalewa, au paja linamuuma hadi mengine hayasikii.

Nilikuwa na kijana dereva wa bodaboda, naye paja. Siku ya 3 nikampelekea uji. Kikombe alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakibana kifuani, mfuniko akauvuta kwa meno. Nikamuuliza, "Wewe ni mashoto?" Akasema, "Hapana sista, huu wa kulia umechoka tu." Ukinyanyua dole gumba, chini yake upande wa kifundo kinatokea kibonde kidogo. Nilimbonyeza hapo. Aliruka, uji wote ukamwagika shukani.

Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Daktari, Mungu ambariki, hakuiamini picha kuliko kidole changu: alimfunga hogo, akaagiza picha irudiwe baada ya siku 14. Ya pili ikaonyesha ufa. Kale kamfupa kaliko chini ya kile kibonde damu yake ni ya kubahatisha. Kakiachwa bila kutulizwa, kipande kinaweza kufa na kifundo kikakakamaa. Na mkono wa kulia ndio anaozungushia mafuta ya pikipiki. Ndio ugali wake.

Tangu siku ile nimekuwa mkali juu ya upekuzi wa tatu. Si jambo jipya, madaktari wa Tennessee kule Marekani waliuandikia tangu 1990. Ndani ya saa 24 za kulazwa, mgonjwa anapekuliwa upya kana kwamba hana faili. Anavuliwa, anageuzwa mgongo, anabonywa mfupa kwa mfupa, vidole kimoja kimoja, vya miguu pia. Picha zote zinasomwa tena pamoja na majibu yake. Kisha tunarudia akizinduka vizuri, na tena siku ya kuanza kusimama, maana kuna mfupa wa mguu ambao haulalamiki mpaka ukanyagwe. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi akavunjika kisigino, tunambonya pingili za kiuno hata kama hajasema lolote. Mshindo ule hupanda juu. Tumbo nalo linataka subira: utumbo uliotoboka unaweza kunyamaza siku ya kwanza, ya pili tumbo likawa gumu kama ubao.

Wagunduzi wazuri ni wanaomwogesha na kumlisha. Kwa hiyo ninyi ndugu, mkiona anakunja uso akivishwa shati, au anaukwepa mkono mmoja, semeni. Msiogope kuonekana wasumbufu. Nawaambia ndugu wa wagonjwa wangu hivyo hivyo.

Kwa mdogo wako: kabla hajaruhusiwa, ombeni apekuliwe tena mwili mzima, na daktari aulizwe waziwazi kuhusu magongo. Gongo la kawaida hulemea kifundo, huenda akahitaji la kuegemeza kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo. Na vidole vikifa ganzi, vikipauka, au maumivu yakizidi ndani ya hogo licha ya dawa, msisubiri raundi ya asubuhi. Mwiteni muuguzi wa zamu saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.